Kipaza Sauti cha Sita

Jirani yetu Thadeus Makori wa Magwagwa alijifunza ufundi wa redio jeshini, akarudi nyumbani na bisibisi zake katika mkoba wa ngozi. Ushirika wa wakulima wa Rianyambori, upande wa Keroka, uliponunua mtambo wa kuchanganya sauti kwa mikutano ya kamati, yeye ndiye aliyeitwa kuufunga. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Oktoba 1973, alikuwa akiupanga bila haraka. Vipaza sauti vilikuwa vinane, kila kimoja na kitufe na taa yake nyekundu. Cha mwenyekiti alikipa uwezo wa kunyamazisha vingine vyote.

Mwenyekiti, Cleophas Machogu, akaingia na kufunga mlango. Alilalamika kwamba Onsongo, mjumbe wa kiti cha sita, angewachosha tena na habari za chemchemi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Namba sita iwe na taa, lakini isiwe na sauti. Aseme mpaka achoke."

Thadeus alicheka kidogo. Akazungusha kidude cha sauti cha namba sita mpaka sifuri.

Alasiri mvua kubwa ilipiga mabati. Saa kumi na dakika kumi Onsongo alibonyeza kitufe, taa ikawaka, midomo yake ikaanza kwenda. Hakuna aliyesikia neno. "Leo jogoo amekaukiwa," mjumbe mmoja akasema, wakacheka. Ila Thadeus, pale kwenye mtambo, aliona kwamba Onsongo hamtazami mwenyekiti. Alikuwa akimtazama yeye, mkono mmoja kifuani. Vidole vya Thadeus vilikuwa juu ya kile kidude. Hakukizungusha.

Onsongo akalaza kichwa mezani kama mtu aliyesinzia. Taa yake iliendelea kuwaka.

Walimzika Ijumaa. Jioni hiyo Nyamusi, mtoto wa pekee wa Thadeus, mwenye umri wa miaka sita, alimwomba mama yake maji. Midomo ilitamka. Sauti haikutoka.

Hospitalini walimwangalia koo, hawakuona kitu. Kanisani waliomba wiki nzima. Siku moja mtoto alianguka na mkono ukaingia motoni. Alifungua kinywa chote, akalia kimya. Mama yake, aliyekuwa amempa mgongo akimenya ndizi, aligeuka aliposikia harufu.

Hapo Thadeus akaenda kwa Drusilla, mjane wa Onsongo, akapiga magoti mlangoni na kuungama yote.

"Mume wangu alikufa na neno kinywani," akanong'ona. "Mtu wa namna hiyo hutafuta kinywa. Nenda ukamfungulie, Makori."

Alikwenda na mtoto kwenye chumba cha mikutano cha ushirika Sabato iliyofuata, mchana, wakati mkewe na majirani wote walipokuwa kanisani. Hakuwahi kufanya kazi siku ya Sabato. Alimketisha Nyamusi kwenye benchi, mkono ukiwa umefungwa kitambaa, akawasha mtambo.

Taa ya namba sita ikawaka. Hakuna aliyegusa kitufe.

Akazungusha kidude hadi mwisho. Mshale wa kupimia sauti ukapanda. Spika kimya. Akaangalia tena. Taa ya mwenyekiti nayo ilikuwa inawaka, kipaza chake kikinyamazisha vingine. Akafungua kifuniko, akang'oa waya ule wa kunyamazisha.

Spika zikavuta pumzi.

"Makori," sauti ya Onsongo ikasema. "Kifua kinanibana. Waambie wanishike."

Thadeus alikimbilia kiti cha sita. Akakikumbatia kile kiti kitupu, akilia, akiomba asamehewe. Nyuma yake taa zikazimika moja moja. Ya sita ikawa ya mwisho.

Njiani walikutana na mkewe akitoka kanisani. Ghafla alidondosha Biblia, akamnyanyua mtoto, akambusu huku machozi yakimtoka.

"Mungu ni mwema. Anaimba, Baba Nyamusi. Anaimba."

Thadeus alisikia vizuri sauti ya mkewe. Alisikia mbuzi, na upepo kwenye migomba. Akainama mpaka uso wake ukakaribia wa mtoto. Aliona midomo ikicheza. Akahisi pumzi shavuni.

"Husikii?" mkewe akauliza.

Hakusikia. Hakuisikia tena sauti hiyo. Nyamusi alipofika darasa la tano alisifiwa kwa kusoma kwa sauti, na baba yake aliketi mstari wa mbele akitazama midomo.

Thadeus alifariki Jumapili, tarehe 11 Juni 1978. Nyamusi alimwinamia kitandani, akasema naye muda mrefu. Mama yake ananiambia mzee alikuwa akitikisa kichwa tu, akirudia, "Mwanangu, sema tena. Sema tena."

Wakati huo mtambo ulikuwa umekwisha kung'olewa, upo katika ghala la ushirika, nyaya zake zimeviringishwa kando. Mtunza ghala, Nyasani Ondieki, aliingia alasiri hiyo kutafuta magunia. Aliapa mbele yangu kwamba mshale wa namba sita ulikuwa umepanda, ukitetemeka, kama mtu anasema maneno mengi. Alisimama akiutazama. Kisha ukashuka taratibu mpaka sifuri. Ondieki aliangalia saa yake. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi.

Hakujua bado kwamba Thadeus amekata roho.