Nani Aliiba Mashini ya Mwabesa

Mu kanyumba ya mashini ya kusaga, kintu moja tu njo ilibakia: kipande ya ruban nyekundu yenye bakubwa balikata na mukasi siku ya posho, wakati balikuya kuitoa zawadi. Mashini yenyewe haikukuwa. Iliondoka na uzito yake yote, na mugini muzima wa Mwabesa hakuna hata mumoja mwenye alisikia kintu.

Inspecteur Lombe alichuchumaa, akapitisha kidole pa ciment. Akaangalia kile kidole. Hakuna bunga. Hakuna tone ya mafuta. Hata tundu ya boulon haikukuwa.

"Ni bo benyewe," mutu moja alisema nyuma yake.

Ule mutu ni Edouard Kapya, coordonnateur wa projet yenye jina yake ilikuwa imeandikwa pa mulango ya jeep: MASIKINI ASIMAME. Alikuwa amevaa gilet nyeupe pee, mifuko kila upande, na hakuna hata moja yenye iliishaka kubeba kintu ya mumasikini. Tangu Lubumbashi mpaka Mwabesa, barabara ya Kinsevere iko vumbi nyekundu tupu, lakini gilet ya Edouard haikukamata hata kidogo. Vitre ya jeep yake haifungukake.

"Bantu ba mugini beko vile, Inspecteur," alisema, anaonyesha na kidevu bamama benye balisimama inje, sawa mutu mwenye anaonyesha takataka. "Unabapatia mashini mupya, bo banaikata vipande, banauzisha ferraille. Njo maana umasikini yabo haiishe."

"Uliona lini kama haiko?"

"Asubui. Nilifika na camion."

"Camion ya kufanya nini?"

Edouard akakohoa. "Entretien. Kuitwala garage, bafundi baiangalie."

"Mashini mupya?"

"Hata mupya inaombaka entretien."

"Na bafundi bako balisahabu kuifunga na boulon?"

"Hiyo ni mambo ya technique, Inspecteur. Kamata présidente wa bamama, ule Mama Ngosa. Akilala Kasapa mu prison juma moja, utaona vile kinywa itafunguka."

Inspecteur alisukula kidole yake yenye haikukuwa chafu, akaenda kutafuta ule mama.

Mama Ngosa alikuwa amekaa pa kiti ya kamba, anapukuchua mahindi. Mujane, mabega ya mutu mwenye alibeba mufuko maisha yake yote. Kando yake Daniella, binti wa dada yake, mimba ya kwanza, anapepeta.

"Wewe njo Ngosa?"

"Unanikamata tayari, ao unanisalimia?"

Agent Chama, policier mwenye alishika pingu, akacheka chini chini. Inspecteur akatosha kofia.

"Jambo, mama."

"Jambo, mutoto wangu. Sasa uliza."

"Mashini iko wapi?"

"Ile ya kupiga nayo foto?"

"Ile ya kusaga."

"Ah. Ya kusaga hatukuionaka hapa." Aliendelea kupukuchua. "Balitusimamisha kando yake. Bakasema: chekeni. Tukacheka. Huyu Daniella alikuwa na mahindi mu kitunga, akasema, papa, tumimine kidogo tuone. Unajua ule bwana wa gilet alijibu nini?"

"Nini?"

"'Hapana, mama, itachafuka.'"

Daniella akapepeta kwa nguvu, maganda ikaruka mpaka pa soulier ya Inspecteur.

"Usiku yenye ilipotea, ulikuwa wapi, mama?"

"Mu kitanda yangu. Mujane analala wapi?"

"Na sentinelle mwenye alilinda mashini?"

"Alikunywa lutuku, akalala kama mukristu. Si shiye tulimuzalia koo."

"Nani alimupatia ile lutuku?"

"Mutu wa roho muzuri."

Nyuma ya kanyumba, Inspecteur aliona vile bulongo ilipanguswa na matawi. Ilipanguswa muzuri sana, na hapo njo kulikuwa kosa: mu mugini mwenye mbuzi zinapita kila pahali, hakuna njia yenye inakosaka nyayo ya mbuzi. Alifuata ule usafi. Pahali pengine aliona magome ya miti yenye ilisagika, sawa vile mutu alibiringisha kintu kizito juu ya magogo.

Njia ikaishia pa matanuru yenye miti inachomwa mpaka inakuwa makala.

Kulikuwa matanuru mbili, vilima ya bulongo na majani. Ya kwanza ilikuwa inatosha moshi nyeupe, na Muzee Mumba, mulinzi wake, alikuwa amelala kando yake na koti yake, maana tanuru yenye inawaka haiachwake peke yake: bulongo ikipasuka, moto inakula kila kintu. Ya pili haikukuwa na moshi. Haikukuwa na mulinzi. Inspecteur akaweka kiganja. Baridi.

"Hiyo haina kintu, ni makala," Edouard alisema, anaangalia simu yake. "Tunapoteza wakati."

"Muite Mama Ngosa."

Akakuya pole pole, bamama bengine nyuma yake.

"Tanuru hii ya nani, mama?"

"Ya association yetu."

"Iliisha kuiva?"

"Iliiva."

"Lini?"

"Tangu siku ya yenga, kesho yake ya posho."

"Na leo ni siku ya tatu. Mama, miye nilizaliwa Kamalondo, mu Lubumbashi, tulinunua makala ya barabara hii miaka yote. Inafika mu mulango ingali na moto ndani ya mufuko. Makala ikiiva, inatoka, inapanda pa kinga, pa baiskeli, inasukumwa mpaka Lubumbashi mbele mwizi hajaamuka. Hakuna mutu wa hapa mwenye anaachaka chakula ya batoto yake ndani ya bulongo siku tatu."

Mama Ngosa akaangalia ile tanuru. Akaangalia pingu ya Chama.

"Tulifikiri bintu yote," alisema. "Ile tulisahabu."

Bakachimba. Mara moja pembe ya chuma ikaonekana, ya rangi ya vert, inangaa ndani ya majani. Mashini ilikuwa nzima, imefungwa na nguo, bikwembe ya bamama bengi, sawa mutoto.

Edouard akapiga makofi. "Voilà! Si nilisema? Funga huyu, Inspecteur. Na mupakie mashini mu camion yangu, niko na haraka."

"Haraka ya wapi?"

"Kuko pahali banaingojea."

"Ni mi," Mama Ngosa alisema. Alinyoosha mikono yote mbili mbele ya Chama. "Hawa balisukuma, lakini mayele ya kuificha ilikuwa yangu. Lutuku pia. Twala mi, achilia hawa. Huyu Daniella atazala mwezi huu."

"Juu ya nini, mama?"

"Juu ibakie."

Alisema pole pole, sawa mutu mwenye anafundisha mutoto kufunga kamba.

"Kila mwaka tunavuna. Hatuna mashini. Mahindi yenye haisagwe mududu anakula, basi tunaiuzisha ku bacamion, bei yenye banataka bo. Njaa ikifika, ile ile mahindi inarudia hapa, bunga, mu mufuko ya plastike, na tunainunua mara tatu. Mashini moja tu, na tunapika bukari yetu tunakula, na tunauzisha bunga yetu. Mudogo wangu aliolewa kule Kamimbi. Mwezi ulipita akanitumia foto: 'Yaya, shiye tulipata mashini, ya bleu.' Nikabeba mufuko, nikaenda kusaga kwake. Sikuikuta. Camion ilikuya kuitwala. Entretien." Akageuka ku Edouard. "Pa ile foto, mashini ya Kamimbi ilikuwa na jeraha pa mudomo, pale bunga inatokeaka. Siku ya posho, wakati ulituambia tucheke, miye nilikuwa naangalia mudomo ya hii. Jeraha ile ile."

Inspecteur akatosha lufunguo mu mufuko. Pa tumbo ya mashini balikuwa baliandika: ZAWADI YA MWABESA. Akaanza kukwangua. Vert ikatoka. Chini yake, bleu. Herufi zikaanza kuonekana: KAMIMBI. Akakwangua tena. Chini ya bleu, rangi ya jaune, na jina ya mugini ingine.

Mbali, Muzee Mumba alikuwa amesimama, anaangalia.

"Bwana Edouard," Inspecteur alisema, "mashini hii iko ya nani?"

"Ya... projet."

"Siku ya posho, mbele ya bantu bote, ulisema iko ya nani?"

"Ile ni kusema tu."

"Kama iko ya Mwabesa, mwenye kintu alihamisha kintu yake, na sina mwizi hapa. Kama iko yako, ulibadanganya bale benye balikupa feza, na niko na mwizi moja. Chagua."

Edouard akafungua mufuko moja ya gilet, akaifunga. Akafungua ingine. Hakuna kintu ndani.

"Inspecteur, tusikilizane. Mi na we tulisoma. Bale ba kule banatakaka foto, habatakake bunga. Balituma feza ya mashini mingi, nikanunua moja, inazunguka. Kila mugini inapata siku yake ya furaha. Nani aliumia?"

"Na ingine zote?"

"Nyumba yangu, kule Golf, mu quartier ya batajiri. Iko karibu kuisha." Akajaribu kucheka. "Sikuwaza bantu ba mugini banaangaliaka mudomo ya mashini."

"Chama," Inspecteur alisema. Pingu ikapita kando ya mikono ya Mama Ngosa, ikafunga pa mikono ya gilet.

Mama Ngosa hakushusha mikono.

"Na mashini? Utaitwala?"

"Ni ushahidi, mama."

Bamama bakanguruma. Mumoja akakaa chini kabisa.

"Ushahidi haitoke pahali ya kosa," Inspecteur akamalizia. "Itafungwa na boulon mu kanyumba yake. Mulinzi wake ni wewe. Na lazima tuijaribu, niandike kama inafanya kazi. Mazutu ya kuiwasha iko mu jeep ya Masikini Asimame."

Balivuta mazutu na mupira mpaka jeep ikalia ukavu. Balibiringisha mashini juu ya magogo mpaka mu kanyumba, mara hii mu jua, bamama banaimba. Mama Ngosa akapeleka neno Kamimbi bakuye na mahindi yabo.

Mashini ilikohoa, ikakohoa tena, ikashika. Chama alisimama pale na Edouard, karibu na mudomo ya mashini, maana hakukukuwa kivuli pahali pengine. Daniella akanyanyua kitunga yake.

"Mama," aliita, "gilet ya bwana itachafuka."

"Mimina," Mama Ngosa alisema.