Ukoo wa Wasioitika

Kila siku akitoka shuleni, binti wa mfinyanzi alipita kibandani kwa mama fundi cherehani. Alifagia vipande vya vitambaa, akaokota pini kwa sumaku, kisha akafundishwa kupinda mikono ya sare.

Kijiji chao kilikuwa nyuma ya mlima, nyumba kumi na tisa tu, na watu walikuwa wameoana wao kwa wao hata binamu akawa ndiye shemeji. Ukoo wa binti huyu uliitwa Wasioitika. Ukiwaita, wanapita zao. "Kiburi kiko damuni," watu walisema, "na wizi pia. Babu yao si alishikwa na mbuzi wa watu?"

Siku hiyo mkasi mkubwa haukuonekana. Mama fundi alipekua droo, akainua mkeka, mwishowe akaupekua mkoba wa binti. Madaftari tu.

"Jana ulipotoka nilikuita mara tatu, ukakaza mwendo. Ulibeba nini?"

"Sikukusikia, mama fundi."

"Hukusikia! Hata mbuzi walisikia. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kesho usije, na cherehani yangu usiiguse tena."

Machozi yakamlenga binti. Hakuwa na mahali pengine pa kujifunza kushona.

Mara akaingia muuguzi wa zahanati, kashika mkasi. "Fundi wee! Jana ulinikunjia mkasi ndani ya gauni langu la kazi. Nimelikunjua, nusura unitoboe mguu!"

Mama fundi akatazama chini. Kisha akaguna, "Haya. Lakini mbona hakuitika?"

Muuguzi akasimama nyuma ya binti, akanong'ona upande wa kulia: "Mbili na tatu?"

"Tano."

Akanong'ona kushoto. Kimya. Akarudia. Kimya.

"Mama yako naye?"

"Ukimsemesha hugeuza kichwa. Babu alikuwa hivyohivyo."

"Jumatatu njoo naye zahanati niwapime vizuri," muuguzi akasema. Akamgeukia fundi. "Watu wachache wakioana wenyewe kwa wenyewe, kasoro ya sikio huzunguka mlemle. Nyinyi mkaiita kiburi."

"Nisamehe, mwanangu," mama fundi akasema, akimsogezea sare. "Keti, umalizie mkono huu."

"Hasira au upole huenda tukarithi kidogo," muuguzi akaongeza, "lakini hatia hairithiwi. Ukimshuku mtu, muulize yeye, usiulize ukoo wake."