Aliyemsindikiza Kliniki ya Macho

"Ukiingia kwenye chumba kile cha upasuaji, harusini usinihesabu."

Seremala alisema hayo akiwa ameinamia ubao, hakumtazama. Mchumba wake alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, vumbi la mbao likimtua kwenye miwani. 

"Nimekusikia," akasema. "Jumanne saa tatu asubuhi nitaingia."

Binti huyo alikuwa mpokea simu wa kikosi cha zimamoto. Kwa miaka minne alipokea vilio vya watu wanaounguliwa nyumba, akawatuma wenzake, yeye akabaki mezani akitamani kuwa mzimamoto. Mbio alishakimbia, ngazi alishapanda, mitihani alishafaulu. Kilichomkwamisha ni macho. Bila miwani hakutambua sura ya mtu wa hatua tatu mbele, na miwani yenyewe haikai chini ya barakoa ya hewa.

Kwamba Seremala alimpenda, hakuna aliyebisha. Ila ukitaja upasuaji wa macho, jasho linamtoka. Baba yake alikufa kipofu, na tangu utotoni Seremala alijua ni madaktari waliompofusha.

Jumanne alipofika kliniki, uliingia ujumbe kwenye simu yake kutoka kwa dada yake, aliyeahidi kumsindikiza:

"Mdogo wangu nisamehe. Mtoto kaamka na homa kali, niko naye hospitali."

Mhudumu wa mapokezi akamwambia kwa upole kwamba bila msindikizaji hawaanzi. Atatoka haoni vizuri, hawezi kurudi peke yake. Nafasi nyingine ilikuwa mwezi ujao, na macho yakichelewa kupona, usaili wa kikosi utampita.

Alitazama jina la Seremala kwenye simu, akalipita. Akampigia mama yake Seremala.

Mama alifika akihema, bado amevaa kandambili za nyumbani. Akaketi naye kwenye benchi.

"Mama, najua ulivyoteseka na Baba. Ukikataa kukaa hapa, nitaelewa."

Mama akamgeukia. "Mume wako mtarajiwa kakwambia baba yake alipofuka vipi?"

"Alipasuliwa vibaya."

"Hakuwahi kupasuliwa. Alikuwa na presha ya macho. Daktari alimwita atibiwe mara tatu, mara tatu alikimbia. Alipoanza kujigonga kwenye milango kwa kutoona, akaniapisha niseme ni makosa ya madaktari, wanawe wasimwone mwoga. Nimemtunzia aibu yake miaka ishirini, na leo inamvunjia mwanangu uchumba." Akamshika mkono. "Ingia, mwanangu. Mimi siondoki hapa."

Akaingia.

Daktari alishamweleza mapema bila kumficha. Kwa sababu ya kazi anayoitaka hatakatwa utando wa jicho ufunuliwe, kama wengine wanavyofanyiwa. Mwanga wa leza utachonga uso wa jicho, ambako huchelewa kupona lakini hakuna utando wa kufunuka akipigwa na kitu. Alitiwa matone ya ganzi, kope zikashikiliwa zisifumbe, akaambiwa akazie taa ya kijani. Mashine ikaanza kutatarika. Akasikia harufu kama ya nywele zilizoungua. Taa ikatawanyika mbele yake, naye akaendelea kuikazia, ngumi amezikunja tumboni. Kila jicho halikufika dakika moja.

Maumivu yalikuja ganzi ilipoisha. Ilikuwa kama ametiwa mchanga na kitunguu kwa pamoja. Mama alimlaza chumbani kwake, akafunga mapazia, kisha akatoka nje na simu. Aliongea na mwanawe muda mrefu. Aliporudi sauti ilikuwa imemkauka.

Kesho yake asubuhi Seremala alibisha hodi. Binti hakuweza kufumbua macho, lakini alimjua kwa hatua zake.

"Mama ameniambia," Seremala akasema.

"Najua."

"Nilikuwa nakutisha kwa kitu ambacho hakikutokea."

"Hata kingekuwa kimetokea, macho ni yangu. Ungeniambia unaogopa, ningekaa nawe tukaongea. Wewe ukanitupia harusi usoni."

 Seremala aliomba msamaha, akauliza sasa ni saa ya dawa gani. Akanawa mikono mara mbili, akamtia matone, moja likaangukia shavuni, la pili likaingia. Kwa siku tatu alifunga karakana, akafuata saa za dawa, na kila mkono wa binti ulipoelekea kusugua jicho, aliuwahi.

Siku ya nne maumivu yalitulia. Bado aliona ukungu, na daktari alisema utaondoka polepole kwa wiki kadhaa, huku macho yakiwa makavu. Seremala alikuwa ameketi mbele yake, ndevu hajanyoa.

"Nikifaulu, nitaingia kwenye nyumba zinazowaka," binti akasema. "Leo ni mzima, kesho hujui. Utaweza kuishi na hilo?"

"Nitaogopa kila ukitoka."

"Sikuulizi hilo."

Seremala akamsogelea.

"Nitaweza. Na nikiogopa, nitakwambia."

Binti alimtazama, uso wa Seremala ukiwa bado na ukungu kidogo pembeni.

"Basi kampigie mshenga," akasema. "Mwambie tarehe haijabadilika."