Mgeni wa Yaya Régine

Wivu hauna adabu, jamani. Unaingia hata penye Biblia.

Chumba cha Yaya Régine, dada mkubwa wa wote, kilikuwa katikati ya Lubumbashi: upande huu vitabu vya dini vya kuuza, upande ule meza na viti vya kusomea bure. Hapo desturi ilikuwa mlango ukifunguka useme "Karibu, ikala", yaani kaa, hata kabla ya kuinua macho. Tajiri, maskini, Mkatoliki, Mwislamu, wote sawa.

Kisha akaletwa Exaucée, msichana wa kumsaidia kazi. Wasomaji wote wakahamia kwake. Salamu kwake, maswali kwake, vicheko kwake. Régine akabaki na kitambaa cha vumbi, roho ikimuuma.

Adhuhuri moja mlango ukafunguka, asiingie mtu. Iliingia harufu ya udongo uliolowa, na nje jua lilikuwa linachoma. Régine, kwa mazoea na kwa uchungu, akasema:

"Karibu. Weye ata uikale kwangu. Bale bengine bote banaendaka kwake."

Kiti cha kando yake kikatoa mlio chini ya uzito wa kitu asichokiona.

Mwanzoni alifurahi, tusimfichie. Naye alikuwa na wake sasa! Mpaka siku Exaucée alipokuwa akiwamiminia wasomaji chai, birika likajipindua na kumuunguza mkono. Msichana hakupiga kelele. Alisema tu, "Yaya, unisaidie."

Aibu ikamshika Régine. Akamfunga mkono, akamlisha, akawa anamsindikiza kwao kila jioni, na siku zilivyopita akajikuta anampenda kama mtoto wa tumbo lake. Masikini, hapo ndipo alipokosea.

Sasa kila walipocheka pamoja, Exaucée alikatika pumzi, na shingoni mwake zikaonekana alama za vidole.

Papa Idriss, fundi wa kushona vitabu wa jirani na mtu wa visomo, aliitwa. Alinusa mlangoni, akagoma kuingia.

"Ma Régine," akanong'ona, "ule mugeni ulimuita na wivu yako. Sasa ni yeye iko na wivu juu yako. Kila mwenye unapenda, atamukaba."

"Umufukuze, Papa!"

"Mugeni mwenye ulikaribisha mwenyewe, miye nitamufukuza na nini? Uokoe mutoto. Aende, na mugeni asijue kama bado unamupenda."

Kesho yake wasomaji wakiwa wamejaa, Exaucée alianguka kati ya meza, akikwaruza koo lake, midomo ikimgeuka rangi, na Régine, aliyetaka kumkumbatia, aliyetaka kumwambia mwanangu nisamehe, akasimama juu yake mbele ya watu wote, akakaza uso, akapaza sauti ambayo hata yeye hakuijua:

"Toka apa! Nilikuchukia tangu siku ya kwanza! Sitaki kukuona tena!"

Koo likaachiwa. Exaucée akavuta pumzi, akamtazama.

"Yaya... nilikukosea nini?"

"Kwenda!"

Akaenda, analia. Wasomaji wakatazamana, wakafunga vitabu, wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Nani akae penye mama mwenye roho mbaya vile?

Mlango ulipofungwa nyuma ya wa mwisho, kichwa kizito na baridi kikamlalia Régine begani.

"Vile njo vizuri," sauti ikasema sikioni mwake. "Tubakie babili tu, miye na weye."

Régine akakipapasa kile kichwa, polepole, macho makavu. Hakuthubutu kulia, maana angeulizwa anamlilia nani.