Kopo Tupu la Mama

Profesa alikuwa amelala kifudifudi katika stoo ya makumbusho, kisogo kimepasuka. Pembeni yake ulilala mpini wa mashine yake ya kunasia sauti, umegandwa na damu. Silinda zake za nta, alizorekodia sauti, zilikuwa zimekanyagwa zikawa unga.

Mashine yenyewe ilikuwa uvumbuzi wa kale uliosahaulika, na Profesa ndiye aliyeifufua kwa mikono yake. Inspekta alimwita mtunza stoo.

"Jana ulitoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, afande. Nilimwacha mzima, anaongea na mashine yake."

"Akisema nini?"

"Yaleyale. Kwamba wakubwa wa zamani wangeipokea mashine hii badala ya kuicheka, lugha zingenaswa zisife, na leo sote tungeongea lugha ya marehemu mama yangu. Kwa lugha ile huwezi kusema fulani kaiba bila kuonyesha kama umeona au umeambiwa. Alisema mashahidi wa uongo wangekosa kazi."

"Vua viatu."

Soli zilikuwa zimejaa nta.

"Si nafanya kazi humu, afande?"

"Nta hii ina damu, bwana. Usinichezee."

Mtunza stoo akaketi juu ya kreti.

"Nilikuwa likizo. Jana narudi, nakuta kopo la silinda yenye sauti ya mama mezani, tupu! Kisu kando, na maganda ya nta. Silinda ikikwanguliwa, sauti imekwenda, anarekodi nyingine juu yake. Mama ndiye alikuwa wa mwisho kuijua lugha ile. Mimi hakunifundisha, aliogopa nitachekwa shuleni. Nilikuwa na sauti yake tu. Mtu anaifuta ili arekodi porojo zake?"

"Ulimuuliza?"

"Nimuulize nini, na macho ninayo?"

"Ukampiga."

"Mara tatu. Kisha nikalimwaga boksi la silinda za mihadhara yake, nikakanyaga moja moja. Sijuti, afande. Andika hivyo hivyo."

Inspekta aliandika, akamsainisha. Ndipo akatoa mfukoni daftari la kazi la marehemu. Alikuwa amelisoma tangu asubuhi, akalificha makusudi. Mtu mwenye majuto hulia kwanza, maelezo yakachelewa.

"'Kopo la bibi, mama wa mtunza stoo, limeota ukungu,'" alisoma. "'Silinda yake nimeihifadhi kwenye boksi langu mpaka kopo jipya lije. Nimekwangua mhadhara wangu, ulijaa makosa.'"

"Soma tena."

Inspekta alisoma tena, polepole, bila kuruka neno.

"Ungeziweka silinda zile kwenye mashine ukasikiliza," alisema. "Dakika mbili tu."

Mtunza stoo alishuka sakafuni kwa magoti. Alizoa unga wa nta kwa viganja, wa Profesa na wa mama yake pamoja, akawa anaufinyanga huku analia, "Mama, jamani, mama!" Koplo alipomfunga pingu, ngumi ilikataa kufunguka. Ikabidi waikunjue kidole kimoja kimoja.

"Hicho ni kielelezo cha kesi," alisema Inspekta, akalitia donge lile la nta kwenye mfuko wa plastiki, akaandika namba juu yake.