Kipaza Sauti cha Treni ya Bronx

Nilsa, rafiki yangu wa Bronx, aliniapia kwamba haya yalimpata asubuhi moja ya mwaka 1978, ndani ya treni ya chini ya ardhi. Kaka yake Efraín alikuwa afanyiwe upasuaji saa nne, na Nilsa alikuwa akiwahi hospitalini amwone kwanza. Treni ikakwama gizani katikati ya vituo, kwa mara ya tatu. Feni zikanyamaza. Kipaza sauti kikakoroma maneno yasiyoeleweka, kama siku zote.

"Anasemaje huyo?" Nilsa akafoka.

"Hata mama yake mzazi hamwelewi, mwanangu," akajibu mzee mmoja. "Kaa tu."

"Nikae vipi? Kaka yangu ananisubiri!" Akaupiga mlango teke.

Taa zikazimika. Kipaza sauti kikakwaruza, kikakwaruza, kisha kwa mara ya kwanza tangu aanze kupanda treni za mji ule, Nilsa akasikia kila neno, taratibu, kwa sauti ya Efraín, ikimwita kwa jina lake la utotoni:

"Nilsita, usijisumbue tena. Mimi nimeshashuka."

Taa zilipowaka, yule mzee alikuwa ameinua macho darini, mdomo wazi. Nilsa naye akatazama. Mahali pa kipaza sauti palikuwa na tundu tupu, na nyaya zilizokatwa zamani, zimejaa vumbi.