Mistari Myekundu ya Bronte

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya chai na mkate wa siagi, Bronte na babu yake Clarrie waliingia bandani kuikagua ndege. Naam, ndege! Mzee Clarrie aliiunda kwa mikono yake kwa miaka kumi na mmoja, na muda wote huo gari la Bibi Noelene lililala nje likinyeshewa.

Bronte, mwenye miaka kumi na miwili, alikabidhiwa magurudumu. Alijaza upepo, akakaza nati kwa spana, kisha akapaka kila nati mstari wa rangi nyekundu unaovuka hadi kwenye chuma. Nati ikilegea, mstari hukatika, na Babu huona mara moja.

Jumamosi hiyo jua lilikuwa kali. Rafiki yake Tilda alisimama mlangoni na baiskeli, taulo shingoni.

"We Bronte, umeolewa na hiyo ndege? Bwawa limeshafunguliwa!"

"Nakuja, bwana! Dakika moja!"

Gurudumu la kushoto lilikuwa tayari. La kulia Babu alikuwa amelifungua jana yake kulipaka grisi, na nati akazirudisha kwa vidole tu. Bronte aliitazama spana, akamtazama Tilda, akachukua brashi. Akapaka mistari bila kukaza hata nati moja.

Babu akaja, akainama na miwani yake. "Safi sana! Mistari imenyooka kuliko rangi ya kucha za bibi yako."

"Nimekusikia, Clarrie," alisema Bibi, akipanda ndegeni na kopo la keki za chokoleti na nazi. Yeye na Babu walikuwa wamealikwa chai ya saa nne na marubani wa mji wa jirani.

Bronte akapanda baiskeli yake akamfuata Tilda, lakini hakufika mbali. Injini iliponguruma nyuma yake, alizikumbuka zile nati. Alitupa baiskeli, akakimbilia uwanja wa ndege uliokuwa nyuma ya banda, akipunga taulo lake.

"Simameni! Msiruke!"

Babu akampungia mkono, akidhani anaagwa. Bibi akambusu kwa mbali. Ndege ikazidi kusogea kuelekea mwanzo wa njia ya kurukia.

Bronte akageuka huku na huku, akaona zizi la kondoo kando ya uwanja. Akafungua lango, akapiga kelele kama mwehu. Kondoo arobaini wakamwagika njiani, wakasimama hapo wakitafuna majani.

Injini ikazimwa. Babu akashuka amewiva kwa hasira.

"Umerukwa na akili, mtoto wewe?"

"Babu, gurudumu la kulia... nimepaka tu. Sikukaza." Machozi yakamtoka.

Babu akachuchumaa, akashika nati. Ikazunguka kwa vidole viwili. Bibi alipoona hivyo akalikumbatia kopo lake.

"Na mimi nimepakata keki!" alisema.

Mzee Clarrie akamvuta mjukuu wake karibu. "Sikiliza, Bronte. Mimi sikagui rangi, nakagua neno lako. Mstari ule unaniambia, 'Babu, nimekaza.' Leo umenidanganya, na ungetuua. Lakini ukaja kusema kweli kabla hatujaruka, ndiyo maana tuko hai. Kazi ifanye kwanza, ndipo uitie alama."

Bronte alikaza nati zote mbele ya Babu, akazipaka upya. Kisha akashinda hadi adhuhuri akiwarudisha kondoo zizini, Tilda akimsaidia huku akimcheka.

Tangu siku hiyo, Bibi Noelene hapandi ndege bila kuuliza, "Bronte, umekaza au umepaka?"